Hesabu ya Kalori: Kadirio Lisigeuzwe Hukumu

Hesabu ya kalori ilizaliwa katika maabara, lakini siku hizi imehamia katika simu za mkononi, kumbi za mazoezi na hata mabweni ya shule. Mtu atakaye kupunguza uzito huandika umri wake, kimo chake na uzito wake, akabonyeza kitufe, na papo hapo akapewa tarakimu moja: mathalani, ale kilokalori 1,515 kwa siku. Tarakimu hiyo haina neno "takriban" mbele yake, wala haitaji ukubwa wa kosa lake. Huyo aliyepewa huishika kwa uaminifu kwa majuma sita. Mizani isiposogea kama alivyoahidiwa, hujiona mvivu au hudhani mwili wake una kasoro. Wengine hukata tamaa, wengine huzidi kujinyima mpaka wakadhoofika, na wengine hukimbilia dawa na chai za kupunguza unene zisizo na ushahidi wowote.

Hoja ya makala haya ni kwamba kosa haliko katika hesabu yenyewe, bali katika namna inavyofundishwa na kusomwa. Hesabu ya kalori ni kadirio la kuanzia, nalo sharti lisahihishwe kwa kipimo. Kijana aliyejifunza hivyo akiwa shuleni hatadanganyika kwa urahisi na wauzaji wa tarakimu.

Chanzo cha hesabu

Yafaa ieleweke kwanza kwamba msingi wa jambo hili ni imara. Katika majira ya baridi ya mwaka 1782 na 1783, Wafaransa wawili, Lavoisier na Laplace, walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu, wakapima barafu iliyoyeyushwa na joto la mwili wake. Wakalinganisha joto hilo na hewa aliyoitoa mnyama huyo, wakaona kwamba kupumua ni namna ya kuungua polepole. Zaidi ya miaka 100 baadaye, Mmarekani Wilbur Atwater na wenzake walijenga katika Chuo Kikuu cha Wesleyan chumba kidogo ambamo mtu aliweza kuishi kwa siku kadhaa huku chakula, hewa na joto lake vikipimwa. Kutokana na kazi za Atwater zimebakia tarakimu zinazotumika hadi leo: gramu moja ya wanga au ya protini huupa mwili takriban kilokalori 4, na gramu moja ya mafuta takriban 9.

Kilokalori moja ni joto litoshalo kuongeza nyuzi 1 ya Selsiasi katika kilo moja ya maji, nayo ni sawa na kilojuli 4.184 hivi. Katika mazungumzo ya kila siku watu husema "kalori" wakiwa na maana ya kilokalori, na hilo si neno la kugombania. Lililo muhimu ni kwamba kanuni ya kuhifadhi nishati hutawala mwili wa binadamu kama inavyotawala jiko la mkaa. Mtu akitumia nishati nyingi kuliko aipatayo katika chakula, upungufu huo hulipwa kutoka katika akiba ya mwili. Hakuna awezaye kuikwepa kanuni hii. Ugumu uko katika kuvijua viwango viwili vinavyohusika, yaani nishati iingiayo na nishati itumikayo.

Mlinganyo na mipaka yake

Mwaka 1919, Harris na Benedict wa Marekani walichapisha milinganyo ya kukadiria nishati ya msingi. Hii ndiyo nishati itumiwayo na moyo, ubongo, ini na viungo vingine wakati mtu amejilaza macho, ametulia, na hana chakula tumboni. Kwa upande wa watu wazima walitumia vipimo vya wanaume 136 na wanawake 103. Mlinganyo unaotumika zaidi leo ni ule wa Mifflin na St Jeor, uliochapishwa mwaka 1990. Kwa mwanamke, zidisha uzito wake katika kilo kwa 10, ongeza kimo chake katika sentimita kilichozidishwa kwa 6.25, toa umri wake uliozidishwa kwa 5, kisha toa 161. Kwa mwanamume, badala ya kutoa 161, ongeza 5.

Chukua mfano wa mwalimu wa kike mwenye umri wa miaka 40, kimo cha sentimita 160 na uzito wa kilo 80. Hesabu yake ni 800, ongeza 1,000, toa 200, toa 161. Jibu ni kilokalori 1,439. Ili kupata matumizi ya siku nzima, jibu hilo huzidishwa kwa kizidisho cha utendaji. Kwa mtu mwenye maisha ya kukaa au kazi nyepesi, kizidisho hicho huwa kati ya 1.4 na 1.7 hivi, kwa mtu wa kazi za sulubu hufika 2 na kupita. Mwalimu huyu akichagua 1.4 atapata kilokalori 2,015. Akichagua 1.6 atapata 2,302. Chaguo zote mbili zimo ndani ya kundi lile lile la kazi nyepesi, na hata hivyo zinapishana kwa kilokalori 287, ambazo ni karibu mlo mzima wa asubuhi.

Juu ya hayo, mlinganyo wenyewe hutoa wastani. Watu wengi, lakini si wote, hawapishani na wastani huo kwa zaidi ya asilimia 10. Basi nishati ya msingi ya mwalimu huyu yaweza kuwa 1,295 au 1,583, na hakuna atakayelijua hilo kwa kumtazama. Zidisha kiwango cha chini kwa 1.4 na cha juu kwa 1.6: matumizi yake ya siku yatakuwa mahali fulani kati ya 1,813 na 2,533. Upana huo wa kilokalori 720 unazidi upungufu wote wa kilokalori 500 ambao watu wengi hupanga kila siku ili wapungue uzito. Kumpa mwalimu huyu tarakimu moja bila kumtajia upana huo ni kumnyima nusu ya elimu.

Mazoezi na mtego wa kuhesabu mara mbili

Mazoezi huongeza ugumu wa hesabu hii, na hapa ndipo wengi hupotea. Mwaka 1963 Rodolfo Margaria wa Italia na wenzake walionyesha kwamba mtu akimbiaye katika uwanja tambarare hutumia takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili wake katika kila kilomita, akienda kasi au polepole. Kwa kutembea kwa mwendo wa kawaida, nyongeza juu ya ile ambayo angeitumia akiwa ametulia ni kama nusu ya hiyo. Kwa hiyo mwalimu wa kilo 80 anayetembea kilomita 5 kila jioni huongeza kilokalori 200 hivi.

Kilokalori 200 si nyingi kama jasho linavyodai. Chapati moja iliyotumia gramu 60 za unga wa ngano na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ina zaidi ya kilokalori 300. Mwendo wa saa nzima hautoshi kuilipia chapati hiyo.

Sasa utazame mtego wenyewe. Mwalimu huchagua kizidisho cha 1.6 kwa kuwa anafanya mazoezi, akapata 2,302. Jioni, baada ya kutembea, hujiongezea tena kilokalori 200 kwa sababu ya mazoezi yale yale. Kisha hutoa 500, akajiwekea posho ya 2,002. Ikiwa ukweli ni kwamba siku yake bila matembezi ni 2,015, basi pamoja na matembezi anatumia 2,215. Upungufu wake halisi ni kilokalori 213, si 500. Kanuni ya nishati haikuvunjwa hata chembe. Mazoezi ndiyo yaliyohesabiwa mara mbili.

Zaidi ya hayo, mwili nao una ujanja wake. Mtu aliyetembea sana jioni hukaa zaidi usiku, na shughuli nyingine za ndani ya mwili huweza kupunguzwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha watu wazima 1,754, ulikadiria kwamba kwa wastani asilimia 28 ya nishati inayoongezwa na utendaji hufidiwa kwa njia kama hizo. Kwa kipimo hicho, kilokalori 200 za matembezi hubaki 144, na upungufu wa mwalimu huyu hushuka hadi 157.

Fundisho kutoka Ziwa Eyasi

Ushahidi mashuhuri kuliko wote juu ya jambo hili ulipatikana nchini Tanzania. Kandokando ya Ziwa Eyasi wanaishi Wahadza, ambao baadhi yao wanaendelea kuishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Mwaka 2012, Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya matumizi ya nishati ya Wahadza 30. Walitumia maji yenye atomu nzito za haidrojeni na oksijeni. Mtu akiyanywa, atomu hizo hutoka mwilini kwa kasi zinazotofautiana, na tofauti hiyo, ikipimwa katika mkojo, huonyesha kiasi cha kabonidioksidi alichokitoa, na kwa hiyo nishati aliyoitumia katika maisha yake ya kawaida.

Wanaume wa Kihadza walitembea takriban kilomita 11 kwa siku, na wanawake karibu kilomita 6. Yeyote angetarajia matumizi makubwa mno. Lakini wanaume walitumia wastani wa kilokalori kama 2,650 kwa siku, na wanawake kama 1,880. Ukubwa wa miili ulipozingatiwa, matumizi hayo hayakutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wakaao vitini siku nzima. Wataalamu bado wanajadiliana juu ya njia hasa ambayo mwili huitumia kubana matumizi yake. Hata hivyo, jambo moja limedhihirika: haifai kujumlisha mazoezi juu ya matumizi ya siku kana kwamba ni mawe juu ya mizani.

Isidhaniwe kwamba mazoezi ni kazi bure. Mazoezi huimarisha moyo, hupunguza shinikizo la damu, husaidia kurekebisha sukari katika damu, na huilinda misuli wakati uzito unapopungua. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa juma. Ushauri huo unamhusu hata mtu asiyepungua kilo moja. Afanyaye mazoezi kwa ajili ya kununua ruhusa ya kula, atayaacha siku mizani itakapomkatalia.

Kilo moja ina kilokalori ngapi?

Kanuni nyingine ipendwayo ni ile ya Max Wishnofsky ya mwaka 1958, ambayo kwa vipimo vya kilo husema kwamba kupungua kilo moja ni sawa na upungufu wa kilokalori 7,700 hivi. Kwa majuma machache kanuni hii hufaa. Lakini mtu akiitumia kwa mwaka mzima, upungufu wa 500 kwa siku utamwahidi kupungua karibu kilo 24. Haiwi hivyo, kwa sababu mwili unaopungua hutumia nishati kidogo zaidi kadiri unavyopungua. Mwaka 2011 Kevin Hall na wenzake walionyesha kwamba, kwa mtu mzima wa kawaida mwenye uzito uliozidi, kila punguzo la kudumu la kilokalori 24 kwa siku huleta hatimaye upungufu wa kilo moja. Nusu yake hupatikana katika mwaka wa kwanza, na karibu yote katika miaka mitatu. Basi punguzo la 500 lingetoa kilo kama 10 katika mwaka wa kwanza. Kilo 10 ni mafanikio makubwa, ila aliyeahidiwa 24 ataziona ni aibu.

Mwili uulizwe

Ikiwa makadirio yana upana mkubwa hivyo, je, hesabu yote itupwe? Hasha. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Hesabu ni daftari, na daftari lenye kosa dogo ni bora kuliko kutokuwa nalo. Linalotakiwa ni kulipatanisha na hali halisi.

Njia yenyewe si ngumu. Mtu mzima mwenye afya aanze na kadirio la mlinganyo, bila kuongeza mazoezi mara ya pili. Aandike kila alacho. Katika nyumba ambamo chakula huliwa sinia moja, ni vigumu kupima kila tonge. Basi na vipimwe unga, maharage na mafuta kabla ya kupikwa, kisha jumla igawanywe kwa walaji. Jedwali la viini vya vyakula vya Tanzania lililotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, pamoja na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Chuo Kikuu cha Harvard, linafaa kwa kazi hiyo. Kila asubuhi ajipime kwa mizani ile ile, kisha achukue wastani wa juma. Majuma mawili ya mwanzo yasitumiwe katika hesabu, kwani uzito unaopotea wakati huo kwa sehemu kubwa ni maji yanayoandamana na akiba ya wanga mwilini.

Tuseme kwamba daftari la mwalimu lasomeka 1,515 kwa siku, na baada ya hapo, katika siku 28, wastani wa uzito wake umeshuka kwa kilo 1. Gawanya 7,700 kwa 28: upungufu wake halisi ni kilokalori 275 kwa siku. Basi, kwa kipimo cha daftari lake, matumizi yake ni takriban 1,790. Hiyo ni tarakimu yake mwenyewe, iliyotoka katika mwili wake na jiko lake, nayo ina thamani kuliko mlinganyo wowote.

Mtu ataweza kuuliza: je, kama daftari lina uongo? Aghalabu linao. Mwaka 1992 wachunguzi wa Marekani waliwapima watu wanene waliodai kwamba hawapungui ingawa wanakula kidogo sana. Ilionekana kwamba waliandika karibu nusu tu ya chakula walichokula, na walikuza utendaji wao kwa kiasi kama hicho. Hawakuwa wadanganyifu, kijiko cha mafuta na vipande vya kuonja husahaulika. Lakini maadamu kosa halibadiliki siku hata siku, njia hii hufaa bado. Asiyepungua apunguze kidogo kutoka katika kile akiandikacho, na mizani itatoa jibu.

Wasioruhusiwa

Hapana budi kusema waziwazi kwamba hesabu hii haiwahusu wote. Milinganyo iliyotajwa ilitokana na watu wazima. Mwanafunzi wa kidato cha pili bado anakua, na nishati ya kukua haimo ndani yake. Kijana, mjamzito, mama anyonyeshaye, na mgonjwa atumiaye dawa za kisukari wasijipangie upungufu bila ushauri wa mganga.

Mwenye kulidharau onyo hili na ausome uchunguzi wa Ancel Keys uliofanywa Minnesota mwaka 1944 na 1945. Vijana 36 wenye afya walikubali kupunguziwa chakula kwa majuma 24, huku wakitembea kilomita 35 kila juma. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walihisi baridi daima, walipooza kwa huzuni, hawakuweza kufikiri jambo lolote ila chakula. Posho yao ilikuwa wastani wa kilokalori 1,570 hivi kwa siku. Kijana wa shule anaweza leo kupewa na simu yake tarakimu iliyo chini ya hiyo, na hakuna daktari asimamaye kando yake.

Wajibu wa shule

Wapo watakaosema kwamba somo la kupunguza uzito ni anasa katika nchi ambamo, kwa takwimu za mwaka 2022, watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya umri wa miaka 5 wamedumaa. Lakini hesabu ni ile ile. Anayejua kukadiria nishati iliyomo katika sufuria ya familia ataona wapi imezidi na wapi imepungua, na aghalabu kuzidi na kupungua hukaa katika mtaa mmoja.

Vifaa havikosekani. Karanga yenye uzito wa gramu moja ina kilokalori 5.7 hivi. Ikichomwa chini ya kopo lenye gramu 100 za maji, na kama joto lote lingeingia majini, maji yangepanda nyuzi 57. Darasani hayapandi hata nusu ya hapo, kwani joto kubwa hupotelea hewani na katika kopo. Hapo mwalimu hujaribiwa kuwaambia wanafunzi waandike jibu la kitabu. Asifanye hivyo. Awaache waandike walichokipima, kisha waeleze joto lililopotea limekwenda wapi.

Darasa lililozoea kazi ya namna hiyo litajua la kufanya na mlinganyo wa kalori. Mwanafunzi akimwandikia mwalimu yule wa mfano, "kilokalori 2,200 hivi, pengine 350 juu au chini, mpaka mizani ithibitishe," na apewe alama zote. Anayeandika 2,173 kamili, bila neno jingine, bado hajafika.